Baba Mdogo Anauliza: Karne ya 16 ya Wazungu Inakuhusu Nini?

Msomaji aliye Morogoro ameniandikia hivi, nami nimeifupisha barua yake kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma historia, mwaka wa pili. Muhula uliopita tulifundishwa Ulaya ya mwaka 1500 mpaka 1800, na nimeipenda kuliko somo lingine lolote. Nataka tasnifu yangu iwe huko, na nikijaliwa niendelee mbele. Baba mdogo, ambaye ndiye ananilipia ada, amenijia juu. Anasema Wazungu wana watu wao wa kuwaandikia historia, mimi inanihusu nini? Nimekosa la kumjibu. Naomba unieleze wewe ilikuwaje ukaingia huko, umevuna nini, na je, ni lazima nijue Kilatini?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza mfikishie baba mdogo salamu zangu, na usimnunie. Anayetoa ada ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Mimi nilipoaga kwetu Tanga kwamba naenda Italia kusomea udaktari, mjomba mmoja alifurahi mno. Niliporudi likizo ya kwanza akaja asubuhi na mapema, akakaa barazani, akakunja suruali na kunionyesha goti linalomsumbua. Ikabidi nimweleze kwamba udaktari wenyewe ni wa makaratasi ya watu waliokufa miaka mia nne iliyopita. Akashusha suruali taratibu, akaomba chai.

Sikuingia huko kwa kuipenda Ulaya. Shuleni tulifundishwa Ulaya kama ngazi: ukabaila, halafu biashara ya ng'ambo, halafu viwanda, halafu meli na bunduki, halafu sisi. Kwenye ngazi ile Mzungu hakuwahi kulala njaa, hakuogopa giza, hakuzika mtoto. Alikuwa anapanda tu. Kumbe katika vijiji vingi vya Ufaransa ya karne ya 17 na 18, karibu robo ya watoto walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, lakini aliyenivuta mimi ni mtu mmoja mwenye kinu.

Aliitwa Domenico Scandella, wenzake wakimwita Menocchio. Alizaliwa 1532 kijiji cha Montereale, huko Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia ya leo, eneo lililokuwa chini ya dola ya Venice. Alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, mke, watoto wengi, na mdomo usiotulia. Mwaka 1584 akafikishwa mbele ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kusaka uzushi. Alipoulizwa habari za imani yake, akaeleza kwamba mwanzoni vitu vyote vilikuwa vimechanganyika, ardhi na hewa na maji na moto, na katika mchanganyiko ule likaganda donge kama jibini linavyoganda kutoka kwenye maziwa, na ndani ya donge wakatokea funza. Hao funza ndio malaika, na Mungu naye alitokea humo humo pamoja nao. Mtu anasema hivyo mbele ya mapadri, naye ni mshtakiwa! Wakamfunga karibu miaka miwili, wakamwachia kwa masharti, avae vazi lenye msalaba na asitoke kijijini. Kunyamaza hakuweza. Mwaka 1599 akakamatwa tena, akateswa, na hatimaye akauawa.

Niliposoma habari zake nilihisi namjua. Kila mtaa wa kwetu una mzee wa namna hii, kasoma vitabu viwili vitatu, kavichanganya na anayoyaona shambani, na kwenye kijiwe cha kahawa hakuna shehe wala padri anayemmaliza maneno. Tofauti ni kwamba mzee wetu akifa anaondoka na maneno yake, ila huyu wa Friuli alikuwa na karani pembeni. Makarani wa mahakama ile waliagizwa waandike kila kitu, maswali na majibu, hata kilio na kuguna kwa anayeteswa. Waliomuua ndio waliomhifadhi. Nikajiuliza kuna wangapi wengine kama yeye kwenye makabati yale, na swali hilo ndilo lililonipandisha ndege.

Sasa nikupe kitu kimoja cha kumwonyesha baba mdogo.

Hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Venice iko ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa, ubavuni mwa kanisa la Frari. Unaingia na penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Unaletewa bunda lililofungwa kwa kamba, unalifungua, na ukipindua karatasi mchanga unamwagika mezani. Ndio mchanga wenyewe waliounyunyiza kukaushia wino. Mara ya kwanza niliukusanya kwa kidole, nikakaa nao muda mrefu bila kusoma neno. Wiki ya pili nikakutana na ushahidi wa mwanamke aliyesikia kelele kwa jirani "alle tre hore di notte". Kwenye meza ile tulikuwa wanafunzi wanne, na wenzangu, wote wa kutoka Ulaya na Marekani, walikuwa wamefungua majedwali ya kubadilishia saa. Walikuwa wamefundishwa kwamba Waitalia wa zamani walihesabu saa kuanzia kuchwa kwa jua, kwa hiyo "saa tatu ya usiku" haina maana ya saa tisa alfajiri. Mimi nilisoma tu, saa tatu usiku. Watu wameshakula, mlango umekomewa, jirani bado hajalala. Sikuhitaji jedwali lolote.

Na si saa peke yake. Siku yao nayo ilianza magharibi, jua likizama, kama wazee wetu wanavyosema Alhamisi ikichwa tumeshaingia usiku wa Ijumaa. Ukifika Florence, ingia kanisa kuu uangalie saa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443: ina tarakimu 24, inahesabu kutoka kuchwa kwa jua, na mshale wake unakwenda kinyume na saa za leo. Watalii huipiga picha kama kioja.

Lakini ngoja, maana hapo ndipo nilipoteleza. Kwa kuwa usiku wa Venice ulinifungukia kirahisi, nikadhani na mchana wao ni wetu. Sisi jua likichomoza tunaanza upya, saa moja asubuhi. Wao hawakuanza upya, waliendelea kuhesabu mpaka 24. Adhuhuri ya Juni ilikuwa kama saa 16, na adhuhuri ile ile mwezi Desemba ilikuwa kama saa 19, kwa sababu usiku wa baridi huanza mapema. Sisi tuliokulia karibu na Ikweta, ambako jua halibadili ratiba yake kwa kiasi cha kumsumbua mtu, hilo haliji kichwani lenyewe. Nimewahi kumfanya seremala mmoja aende kazini usiku wa manane kwa kosa hilo.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la mwaka. Venice ilianza mwaka tarehe 1 Machi, hivyo Februari ilikuwa mwezi wa mwisho wa mwaka na si wa pili. Mimi nikakuta shahidi kahojiwa Februari 1586, na mshtakiwa kakamatwa Novemba 1586. Shahidi alitoa ushahidi miezi tisa kabla ya mtu kukamatwa! Nikajenga sura nzima juu ya njama ya majirani, kurasa arobaini, nikajiona nimefika. Msimamizi wangu alisoma mpaka mwisho, akanyamaza, akaniuliza, "Hizi herufi mbili ndogo baada ya tarehe umezionaje?" Zilikuwa m na v, kwa maana ya "desturi ya Venice". Februari ile ilikuja baada ya Novemba, si kabla. Hapakuwa na njama, ni kesi iliyokwenda kwa mpangilio wake. Nilitoka nje nikakaa ukingoni mwa mfereji mpaka nikapigwa na baridi.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba Kiswahili kitakupa funguo, elewa pia kwamba kuna milango utakayofungua ukaingia chumba kisicho chako. Mfano ulionisumbua miaka mingi ni wa watu walioitwa benandanti, yaani "waendao kwa wema". Hao nao ni wa Friuli. Walizaliwa wakiwa wamefunikwa na utando wa kizazi usoni, na walipokua waliamini kwamba nyakati fulani nne za mwaka, Alhamisi usiku, roho zao zinatoka mwilini na kwenda kupigana na wachawi kuokoa mazao. Wao walishika mabua ya shamari. Wachawi walishika mabua ya mtama. Ndiyo, mtama, nafaka iliyotoka Afrika, sijui ilitembea vipi mpaka ikawa silaha ya wachawi wa chini ya milima ya Alpi, lakini nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kusomea mpaka mlinzi akanikazia macho.

Wawili kati yao, Paolo Gasparutto na Battista Moduco, walihojiwa mwaka 1580. Soma mahojiano yale uone jinsi yanavyopishana. Padri anataka kujua ni nani aliyewafundisha uchawi. Wao wanashangaa, uchawi gani? Sisi ndio tunaopigana na wachawi! Padri hana kisanduku cha kuwaweka. Kwake anayetoka usiku kwa roho ni mchawi, basi. Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba mganga na mchawi ni watu wawili, na kwamba kumwita mganga mchawi mbele yake ni kutafuta ugomvi. Tena tunajua dola inavyoweza kuwachanganya. Wakoloni wa Kiingereza walipotunga sheria zao za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, waganga wengi walijikuta wamenaswa kwenye wavu ule ule.

Ndiyo maana kwa miaka miwili niliandika "benandanti, yaani waganga". Nikaja kufuta. Mganga wa kwetu mara nyingi ana kilinge, ana mwalimu wake, ana pepo wa ukoo, ana wateja mchana kweupe. Benandanti msingi wake ni utando aliozaliwa nao na zile safari za usiku. Neno letu lilinisaidia kuona alichokosa kukiona padri, kisha likanificha kilichokuwa chao peke yao. Kilichobaki ni kazi ya polepole, kusoma kesi moja baada ya nyingine kwa miaka hamsini, sitini, na kutazama majibu yanavyobadilika. Watu wanaulizwa swali lile lile la mtego, kizazi baada ya kizazi, mpaka wajukuu wa benandanti wanaanza kukiri kwamba ndiyo, wao ni wachawi, na ndiyo, wamemwona shetani. Hakuna aliyebadilishwa kwa siku moja. Swali lilirudiwa tu, mpaka jibu likalainika.

Kati ya karne ya 15 na ya 18 Ulaya iliua kwa kesi za uchawi watu kati ya 40,000 na 60,000 hivi, wengi wao wanawake, na nchi za Kijerumani zikiongoza. Ukiwa unatoka nchi ambako bibi vizee wa Usukuma wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, takwimu hizo huzisomi kama za watu wa mbali. Nilimpenda kwa sababu hiyo Alonso de Salazar Frías, hakimu wa Inkwizisheni ya Hispania. Alikuwa mmoja wa majaji watatu waliowachoma watu katika mji wa Logroño mwaka 1610, kisha akaenda mwenyewe vijijini kwa Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, akapokea maungamo ya watu 1,802, akayapima moja moja, na akawaandikia wakubwa wake kwamba hapakuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka walipoanza kuzungumzwa na kuandikwa. Huyo ni mtu wa ndani ya mahakama yenyewe. Na kwenye ngazi yetu ya shuleni hakuwa na pa kukaa, maana hakuwa mwanasayansi wala mwanamapinduzi. Alikuwa hakimu mwangalifu tu.

Sasa turudi kwa baba mdogo na swali la "inakuhusu nini". Mwulize kama anaifahamu Kilwa. Historia ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu, na maandishi ya Mreno João de Barros yaliyochapishwa Lisbon mwaka 1552. Barros hakuwahi kukanyaga Kilwa. Alikuwa afisa wa Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya mashariki, na taarifa zilimfikia mezani pamoja na hesabu za pilipili. Alichokiacha, alichokinyoosha, alichokiandika kumpendeza mfalme wake, huwezi kukijua kwa kuisoma Kilwa peke yake. Inabidi uijue Lisbon ya miaka ile, mji ambao mwaka 1551 ulihesabiwa kuwa na watumwa 9,950, takribani mmoja kati ya kila watu kumi.

Au Mombasa. Mwaka 1631 mfalme wa huko, Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa, koloni lao la India, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, aliingia Ngome ya Yesu, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu. Mengi tunayoyajua juu ya siku zile yametoka kwenye uchunguzi wa Kanisa uliofanywa baadaye, mashahidi wakiulizwa maswali yaliyoandaliwa mapema ili waliouawa watangazwe mashahidi wa dini. Umeona? Ni karatasi ya aina ile ile. Kuna karani, kuna swali lililokwisha kujua jibu lake, na kuna mtu anayejibu akijua nini kinatakiwa. Niliposhika kesi ya Mombasa baada ya miaka ya Friuli, nilijua pa kutazama. Nilitazama pale shahidi anapotoka nje ya swali, anapotaja kitu ambacho hakuulizwa, rangi ya nguo, jina la mjakazi, nani alikuwa mlangoni. Hapo ndipo panapokuwa na mtu.

Nisikudanganye kuhusu ajira. Kazi za kufundisha somo hili kwetu ni chache mno. Nilifundisha mambo mengine kwa miaka kadhaa kabla ya kupata nafasi ya kufundisha nililolisomea, na wenzangu wawili wazuri kuliko mimi waliacha kabisa, mmoja sasa ana duka la vifaa vya ujenzi na ana nyumba nzuri kuliko yangu. Kama nia yako ni mshahara, baba mdogo ameshinda.

Kama unaendelea, basi chagua lugha sasa, usingoje shahada ya pili. Mimi nilianza na Kiitaliano, lakini wewe ningekushauri Kireno, maana Hifadhi ya Torre do Tombo ya Lisbon imeweka picha nyingi za nyaraka zake mtandaoni bila malipo, na maneno kadhaa unayo tayari mdomoni: meza, bendera, leso, kasha, mvinyo. Gereza nalo limetoka kwenye neno lao la kanisa, igreja. Kwa Kiingereza anza na kesi za mahakama ya Old Bailey ya London, 1674 hadi 1913, kesi zaidi ya 197,000, zote bure na zote zimepigwa chapa, hivyo hutahangaika na mwandiko. Chukua wizi wa kitambaa mmoja uusome mara tano. Utashangaa mara ya nne.

Mwandiko wa mkono utakutesa, ila kuzoeleka unazoeleka. Herufi p iliyokatwa mstari kwenye mguu husomwa "per", na ile yenye mkia uliojikunja husomwa "pro". Ni mambo ya kukariri kama ulivyokariri irabu. Babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, b yake ikisimama mahali pa b na p na mb, nasi watoto tulizisoma barua zake kwa kukisia kutoka kwenye maana. Huko Venice kila nilipokwama kwenye neno nilimkumbuka yeye, nikaruka neno, nikamaliza sentensi, kisha nikarudi.

Na Kilatini. Kwa tasnifu yako ya sasa hapana, si lazima. Ukienda mbele, ndiyo, angalau cha kusomea: karani wa Friuli aliandika majibu ya mshtakiwa kwa Kiitaliano, lakini maswali na maelezo ya mahakama akayaandika kwa Kilatini, kwa hiyo bila Kilatini utasikia mtu anajibu usijue ameulizwa nini. Akikuambia mtu kwamba lugha hiyo haina Waafrika, mtajie Juan Latino. Alikuwa mtumwa mweusi katika nyumba ya kitajiri ya Hispania, akambebea bwana mdogo wake vitabu vya shule, akasikiliza masomo, akajifunza kuliko mwenye vitabu, akawa mwalimu wa Kilatini mjini Granada, na mwaka 1573 akachapisha mashairi yake ya Kilatini juu ya Lepanto, vita vya majini kati ya Wakristo na Waturuki. Mimi nilijifunza kwa kitabu cha mitumba nilichonunua barabarani, nusu saa kila siku kabla ya mchana kuanza, kwa miezi kumi na minne. Wewe una simu. Anza na vitenzi.